Kidonda cha mdomo: tazama kwanza, paka baadaye

Mtoto akilia kwa kidonda cha mdomo, nyumba nyingi hukimbilia GV, ile dawa ya zambarau. Kasoro yake ya kwanza ni rangi. Ikishapakwa, wekundu hauonekani, utando mweupe hauonekani, mpaka wa kidonda haujulikani. Mhudumu wa zahanati anayemwona mtoto huyo saa mbili baadaye anakuta zambarau tupu, na inambidi akisie. Kwa hiyo kabla ya kupaka chochote, tazama.

"Kidonda cha mdomo" kinataja mahali tu, hakijataja ugonjwa. Mdomo hupata kidonda kwa upepo, kwa virusi, kwa fangasi, kwa jino lililovunjika, kwa upungufu wa damu, kwa dawa iliyomezwa wiki iliyopita, kwa kaswende, kwa saratani. Mara nyingi mambo matatu hutosha kuvitenganisha: kidonda kimekaa wapi hasa, kilianzaje, na kina siku ngapi. Ukubwa wa maumivu si kipimo kizuri. Vidonda vinavyouma sana kwa kawaida hupona vyenyewe, na vile vya kutisha zaidi mara nyingi huanza bila kuuma kabisa.

Namna ya kutazama

Nawa mikono kwa sabuni. Mgonjwa akae akielekea dirisha, au tumia tochi ya simu. Kama ana meno ya bandia, yatolewe. Anza nje: mdomo wa juu, wa chini, halafu pembe zote mbili. Kunja mdomo wa chini kwa vidole uone upande wake wa ndani, kisha wa juu. Vuta shavu kwa mpini wa kijiko safi utazame fizi hadi magego ya mwisho. Mgonjwa aangalie juu ili uone kaakaa. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa kikavu, uuvute kulia kisha kushoto, maana pembeni mwa ulimi kwa nyuma ndipo saratani ya kinywa hupenda kukaa, na ndipo watu wengi hawaangalii. Mwisho ainue ulimi uone chini yake.

Ukikiona kidonda, kibonyeze polepole kwa kidole chenye glavu. Ni laini kama nyama ya pembeni yake, au kuna ugumu kama gegedu? Pitisha vidole chini ya taya na shingoni kutafuta tezi zilizovimba. Andika tarehe kilipoanza. Picha ya simu yenye rula pembeni ina faida kubwa, kwa sababu baada ya siku kumi hakuna anayekumbuka kidonda kilikuwa na upana gani.

Kisha uliza maswali haya: Kilianza kama lengelenge au kama shimo? Kulikuwa na homa kabla? Kimewahi kutoka mahali hapohapo? Ametumia dawa gani ndani ya miezi miwili iliyopita, zikiwemo za duka la dawa na za kienyeji? Anatumia ugoro au tumbaku? Kama ni mtoto, amepata chanjo ya surua?

Kuna hali ambazo hazingoji uchunguzi huu wa nyumbani. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja ikiwa midomo inavuja damu na magamba huku macho yakiwa mekundu au ngozi ikitoka malengelenge. Ikiwa shavu la mtoto limevimba na kinywa kinanuka vibaya. Ikiwa mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, ana usingizi usio wa kawaida, au hajakojoa kwa saa sita hadi nane. Ikiwa uvimbe umepanda hadi koo na pumzi inakuwa nzito.

Midomo imekauka na kupasuka

Dodoma kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni kavu, asubuhi ni baridi na upepo haupumziki. Ngozi ya mdomo haina tezi za mafuta kama ngozi ya uso, hivyo hupoteza maji haraka. Mtu anahisi ukavu, analamba. Mate yakikauka yanachukua unyevu zaidi na kuacha chumvi na vimeng'enya vya kusaga chakula juu ya ngozi ambayo tayari imepasuka. Analamba tena. Mtoto mwenye tabia hii hutoka duara jekundu kuzunguka mdomo wote, hadi pale ulimi unapofika. Mpaka wa duara hilo ukilingana na urefu wa ulimi, sababu umeshaipata.

Tiba ni mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, tabaka jembamba kila baada ya saa mbili tatu, kila baada ya kula, na tabaka nene wakati wa kulala. Paka kabla ya kutoka nje, usingoje kurudi. Mafuta yenye mnanaa au kafuri huleta ubaridi wa kupendeza, lakini huwasha ngozi iliyopasuka na kumfanya mtu azidi kulamba. Usibandue vigaga; vilowanishe kwa maji ya uvuguvugu vitoke vyenyewe. Kwa utaratibu huo midomo inapaswa kuwa nafuu ndani ya wiki moja hadi mbili.

Isipopona, fikiria kitu kinachogusa mdomo kila siku: rangi ya mdomo mpya, dawa mpya ya meno, au kazi ya kunyunyizia mizabibu dawa bila kufunika uso. Msimu wa maembe ukifika, fikiria pia utomvu. Embe linalong'atwa na ganda lake huacha utomvu unaochoma ngozi, na siku moja au mbili baadaye hutokea wekundu, vipele na muwasho pembeni mwa mdomo na kidevuni. Watu huita hali hiyo kidonda cha homa au fangasi, kumbe dawa yake ni kuosha kwa maji na sabuni, kupaka mafuta ya mgando, na embe lijalo kulimenya kwa kisu mbali na uso.

Pembe za mdomo zimechanika

Kuchanika pembeni, upande mmoja au zote mbili, kukiwa na wekundu na ukoko mweupe au wa njano, na maumivu makali mtu akipiga miayo. Ngozi ya pembe hukaa na mate, na mahali penye unyevu fangasi aina ya kandida na bakteria hushamiri. Lakini fangasi mara nyingi ni mgeni aliyekaribishwa. Swali la maana ni nani aliyefungua mlango.

Kwa mzee aliyepoteza meno, taya la chini hupanda juu, pembe za mdomo hukunjana na mate hutuama humo. Kwa mtoto anayetokwa udenda au kunyonya kidole, ni hivyo hivyo. Kwa mama mjamzito, msichana mwenye hedhi nzito, au mtoto mwenye minyoo, tafuta upungufu wa madini ya chuma: viganja na ndani ya kope vimepauka, ulimi umekuwa laini na unang'aa, anachoka kupanda ngazi. Upungufu wa vitamini B2 nao huchana pembe za mdomo. Vidonda hivi vikirudi mara kwa mara kwa mtu mzima ambaye hana sababu nyingine, kipimo cha VVU na cha sukari vifanyike, bila kumhukumu mtu.

Paka krimu ya klotrimazoli au mikonazoli mara mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili, ukikausha pembe kwanza kwa kitambaa safi, kisha mafuta ya mgando juu yake kuzuia mate. Ikitoka usaha au gamba la rangi ya asali, kuna bakteria, na mhudumu ataongeza dawa yake. Chakula nacho kina kazi. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na ugali na maharage huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Isogezwe saa moja au mbili mbali na mlo. Juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi, ikinywewa na chakula, inasaidia, kwa kuwa vitamini C hufanya madini ya chuma ya mimea yafyonzwe vizuri zaidi. Hata hivyo, mtu aliyekwisha pungukiwa damu hatapona kwa ubuyu na mlenda peke yake. Anahitaji vidonge vya madini ya chuma na sababu ya upungufu itafutwe.

Malengelenge madogo yaliyokusanyika ukingoni mwa mdomo

Siku moja kabla, mahali hapo panachonyota, panawasha au panahisi kama kuna kitu kinatambaa. Kisha vinatoka vilengelenge vidogo vilivyobanana, kwa kawaida pale mdomo unapokutana na ngozi ya uso. Vinapasuka, vinatoa maji, vinafanya kigaga, na ndani ya siku saba hadi kumi vimekwisha. Baada ya miezi kadhaa vinarudi karibu palepale. Hivi ndivyo vidonda vya homa, na kinachovileta ni virusi vya hepesi aina ya kwanza. Virusi hivyo mtu huvipata mara nyingi utotoni, navyo hulala kwenye mishipa ya fahamu ya uso maisha yote. Homa yoyote, jua kali, upepo, uchovu au hedhi huviamsha.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: kuona vidonda hivi na kuamua mtu ana malaria. Malaria huweza kuviamsha, na mafua na nimonia pia huweza. Mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka, atibiwe kulingana na majibu.

Krimu ya asikloviri ya asilimia 5 hupakwa mara tano kwa siku kwa siku tano. Hufanya kazi ikianza wakati wa kuchonyota. Ikianza baada ya kigaga kukauka, pesa imepotea. Anayepata mara nyingi, au mwenye kinga dhaifu, apewe vidonge na daktari. Usipake krimu zenye steroidi, yaani zile krimu za tyubu zinazotumika kwa muwasho wa kila aina na hata kung'arishia ngozi, kwa sababu hutuliza wekundu huku zikiwaachia virusi nafasi ya kuenea.

Vidonda hivi vinaambukiza, zaidi vikiwa na maji. Kikombe, kijiko na taulo viwe vya peke yake. Nawa mikono baada ya kugusa, usiguse jicho, kwa kuwa hepesi ya jicho huweza kuharibu uwezo wa kuona. Na hili tunalisisitiza kwa ndugu wanaokwenda kumpongeza mzazi: mwenye kidonda cha homa asimbusu mtoto mchanga, hata kama kidonda ni kidogo kama punje ya uwele. Kwa kichanga, hepesi inaweza kusambaa hadi kwenye ini na ubongo.

Vidonda vikikaa zaidi ya mwezi bila kufunga, hiyo si hepesi ya kawaida. Kinga ya mwili ichunguzwe.

Doa jeusi linalorudi palepale

Mtu anapata kidonda au lengelenge moja mdomoni, linapona na kuacha doa jeusi au la kijivu. Miezi baadaye linawaka tena palepale, doa linapanuka. Wengi huhisi wamelogwa au kwamba hepesi imekuwa sugu. Tafuta dawa. Hii ni aleji ya dawa inayochagua sehemu moja ya ngozi na kuikumbuka, na mdomo ni mahali inapopapenda. Dawa zinazojulikana kufanya hivi ni zenye salfa kama kotrimoksazoli (Septrin) na SP ya malaria, doksisaiklini na nyingine za jamii ya tetrasaiklini, pamoja na baadhi ya dawa za maumivu. Kati ya kumeza na kuwaka hupita nusu saa hadi saa kadhaa, wakati mwingine siku mbili.

Andika jina la dawa hiyo kwenye daftari la hospitali, na ulitaje kila unapofika dukani au zahanati: "Dada, mimi dawa za salfa zinanitoa kidonda mdomoni, naomba uangalie usinipe." Anayeendelea kuimeza huenda akapata madoa mengi zaidi.

Ndugu mkali wa aleji hii ni ile hali ambayo midomo yote inachubuka na kufunikwa na magamba ya damu, kinywa hakifunguki kwa maumivu, macho yanakuwa mekundu na yenye tongo, kisha ngozi inatoa madoa na malengelenge na kubambuka kama iliyoungua moto. Huanza na homa na maumivu ya koo, kwa kawaida siku nne hadi wiki nne baada ya kuanza dawa mpya. Kotrimoksazoli na SP zimo, karbamazepini na fenitoini za kifafa zimo, alopurinoli ya jongo imo, nevirapini ya VVU nayo. Watu huiona kama surua au kulogwa na kukaa nayo siku tatu nyumbani. Dawa inayoshukiwa isimamishwe saa hiyohiyo na mgonjwa apelekwe hospitali yenye wodi, akiwa na pakiti ya dawa mkononi. Kwa dawa za kifafa, zinasimamishwa huku hospitali ikimpa mbadala, hivyo usafiri usicheleweshwe.

Mdomo wa chini usiopona

Mkulima, mchungaji au dereva wa bodaboda wa miaka mingi anaona mdomo wa chini una magamba yasiyoisha, mpaka kati ya mdomo na ngozi umefifia, pana weupe hapa na wekundu pale. Mafuta ya mgando hayasaidii. Mdomo wa chini ndio unaotazamana na jua, na hayo ni madhara ya jua yanayoweza kugeuka saratani. Kwa mtu mwenye ualbino hatari hiyo huja mapema sana, hata katika ujana. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, mafuta ya kuzuia jua yapakwe na mdomoni, na uchunguzi wa ngozi na midomo kila baada ya miezi michache. Kuna mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino cha mkoa namna ya kuyapata. Kidonda cha mdomo wa chini kinachotoa damu, kukauka na kutoa damu tena kisitibiwe kwa krimu. Kikatwe kipande kidogo kikapimwe maabara.

Ndani ya kinywa: shimo la mviringo, jeupe katikati, jekundu pembeni

Hiki ndicho kidonda cha kinywa kinachojulikana zaidi, na jina lake la kitabibu ni afta. Kiko kwenye nyama laini inayosogea: ndani ya midomo, mashavuni, chini ya ulimi, pembeni mwake. Hakikuanza kama lengelenge. Hakiambukizi. Kikiwa chini ya sentimita moja, hupona kwa siku saba hadi kumi na nne bila kovu. Kikizidi sentimita moja kinaweza kukaa wiki nyingi na kuacha kovu.

Mahali kinapokaa ndipo penye ufunguo. Vidonda vinavyojirudia kwenye fizi ngumu au kaakaa la mbele, vidogo na vilivyobanana, vina uwezekano mkubwa wa kuwa hepesi. Kwenye nyama inayosogea, afta.

Afta huamshwa na kujing'ata, mswaki mgumu, msongo wa mawazo, na kwa baadhi ya watu dawa ya meno yenye kemikali ya povu iitwayo sodiamu lauril sulfeti. Soma orodha ya viambato kwenye tyubu; ukiiona, jaribu kwa miezi miwili dawa isiyo nayo. Watoto wanaonyonya ubuyu wa pilipili uliopakwa rangi mchana kutwa huchubua ulimi na kaakaa, na juu ya mchubuko huo kidonda hupata pa kuanzia.

Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya mililita 250 ya maji ya uvuguvugu, mara tatu au nne kwa siku, uteme. Magadi yale ya kupikia mlenda si mbadala. Ni makali na huchoma. Klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja mara mbili kwa siku, hupunguza maambukizi juu ya kidonda, ila ikizidi wiki mbili hutia meno madoa. Kwa maumivu makali, daktari wa meno anaweza kutoa pasti ya triamsinoloni ya kupaka baada ya kula na wakati wa kulala. Kidonda kikaushwe kwanza kwa pamba, vinginevyo pasti haishiki. Hii ni kwa afta iliyothibitishwa tu, kwani juu ya hepesi au fangasi steroidi hiyo inaharibu.

Antibiotiki haitibu afta. Kufungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda, jambo linalofanyika sana, huunguza nyama, na wengine hupata fangasi juu yake siku chache baadaye. Afta ikijirudia zaidi ya mara tatu kwa mwaka, mtu aombe kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho maabara huandika FBP, na pale inapowezekana viwango vya madini ya chuma, foleti na B12. Afta inayofuatana na vidonda sehemu za siri, macho mekundu, au kuhara kwa muda mrefu na kukonda inahitaji daktari, si duka.

Kidonda kilicho mkabala na jino lililovunjika au ukingo wa meno ya bandia kina maelezo yake hapohapo. Jino lisawazishwe au ling'olewe. Kidonda kisipoonyesha kupona ndani ya wiki mbili baada ya hapo, jino halikuwa sababu. Na weupe unaochubuka kando ya jino bovu mara nyingi ni kidonge cha aspirini kilichobandikwa hapo. Aspirini ni tindikali. Huunguza fizi, na jino linaendelea kuuma.

Weupe: jaribu kuufuta

Funga kitambaa safi kilicholowanishwa kwenye kidole, ufute. Maziwa ya mtoto hutoka na chini yake ni safi. Fangasi hutoka kwa shida kama mtindi ulioganda, na chini yake pamebaki pekundu au panavuja damu kidogo. Usiisugue yote, sehemu ndogo inatosha kujua.

Kwa mtoto mchanga, matone ya nistatini ya uniti 100,000 kwa mililita: mililita moja mara nne kwa siku baada ya kunyonya, nusu kila shavu, na uendelee siku mbili baada ya weupe kuisha. Inaporudi kila mara, sababu mara nyingi ni chuchu za mama ambazo hazikutibiwa, au chuchu ya chupa isiyochemshwa. Jeli ya mikonazoli haifai kwa mtoto chini ya miezi minne, maana inaweza kumkaba. Kwa mtu mzima uliza kama ametoka kwenye antibiotiki, ana kisukari, au anatumia dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi bila kusukutua baadaye. Mengine yakikosekana, kipimo cha VVU. Utando ukiambatana na maumivu ya kumeza kifuani, fangasi wameshuka kwenye umio, na matone hayatoshi.

Weupe usiofutika kabisa, hasa pale mtu anapoweka ugoro, ni habari nyingine. Hauumi, na ndiyo maana unaachwa. Uonwe na daktari wa kinywa.

Kidonda kisichouma

Kidonda kimoja, safi, kigumu chini, kwenye mdomo au ulimi, na tezi zimevimba upande mmoja: fikiria kaswende. Hutokea kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa kwa njia ya mdomo. Kinapona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi nane, na kupona huko ndiko kunakodanganya; ugonjwa unaendelea mwilini. Kipimo ni cha damu, na kikiwa mapema mno kinaweza kutoka hasi, hivyo kirudiwe. Tiba ni penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4 kwenye msuli, na mwenza atibiwe.

Kidonda kilichozidi wiki tatu, chenye kingo zilizoinuka na ugumu, pembeni mwa ulimi, sakafuni mwa kinywa au kwenye mdomo wa chini, ni saratani hadi kipimo kikatae. Dalili za kuunga mkono: sikio la upande huo linauma bila ugonjwa wa sikio, jino linalegea bila sababu, uvimbe shingoni, ulimi mzito. Tumbaku na pombe vikitumiwa pamoja huzidisha hatari kuliko kimoja peke yake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa ndipo pa kuomba kinyama kikatwe na kupimwa. Majibu yakithibitisha, mgonjwa anaweza kupewa rufaa ya mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Tembea na nakala ya majibu ya maabara, usiende na maelezo ya mdomo.

Fizi za mtoto

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ana homa kali, fizi zimevimba nyekundu na zinatoa damu, vidonda vimetapakaa ulimini, midomoni na kwenye fizi, mate yanachuruzika. Mara nyingi hii ni hepesi ikimpata kwa mara ya kwanza. Hupita kwa siku kumi hadi kumi na nne, na hatari yake kubwa ni kukaukiwa maji. Mpe parasetamoli nusu saa kabla ya chakula: kwa dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5, isizidi mara nne kwa saa 24. Uji uwe mwepesi na wa baridi, maziwa baridi, maji ya ORS kijiko kimoja kimoja. Ndimu, nyanya na chumvi viwekwe pembeni. Vidonda vikiwa nyuma ya koo na vipele kwenye viganja na nyayo, ni ugonjwa mwingine wa virusi, na malezi ni yaleyale.

Vidonda pamoja na macho mekundu, kikohozi na upele ulioanzia usoni: surua. Aende kituoni apewe vitamini A siku hiyo na siku inayofuata: uniti 50,000 chini ya miezi sita, 100,000 kuanzia miezi sita hadi kumi na moja, 200,000 kuanzia mwaka. GV kwa kinywa, kama mhudumu ameiagiza, iwe ya asilimia 0.25. Ile ya asilimia 0.5 au 1 ya kwenye ngozi inachubua ulimi.

Mchanga mwenye kidonda kaakaani au fizi zilizokatwa, ulizeni kwa upole kama amepelekwa kukatwa kimeo au kung'olewa "meno ya nailoni". Vile viuvimbe vyeupe kwenye fizi ni vichipukizi vya meno ya kawaida, na kuhara kunakodhaniwa kuletwa navyo kuna sababu nyingine. Baada ya kukatwa, atazamwe kwa damu, homa na pepopunda.

Sasa hali ambayo kila saa ina thamani. Mtoto aliyekonda, mara nyingi wa miaka miwili hadi sita, ametoka kuugua surua au homa nyingine. Fizi zina kidonda cha kijivu kinachotoka damu na harufu mbaya isiyofanana na ya jino bovu. Kisha shavu linavimba, na ndani ya siku chache linaweka doa jeusi. Huo ni noma, ugonjwa uliowekwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwezi Desemba 2023. Kabla ya doa jeusi, antibiotiki, kusafisha kinywa kwa klorheksidini na lishe ya matibabu huweza kuuzuia kabisa. Baada yake, shavu hutoboka. Ukinusa harufu hiyo kwa mtoto aliyekonda, usisubiri kliniki ya Jumatatu, mpeleke usiku huohuo, na getini sema wazi: "Mtoto ana utapiamlo, fizi zinaoza na shavu limeanza kuvimba."